Banjo, mandolini, gitaa, fidla, besi au dobro: uchague kipi cha kuingia nacho duara la bluegrass?

Mashabiki wa bluegrass, muziki wa vyombo vya nyuzi kutoka Marekani, wana tabia moja inayowatofautisha na mashabiki wa muziki mwingine mwingi: wengi wao wanapiga. Tangu Carlton Haney alipoandaa tamasha la kwanza la siku kadhaa huko Fincastle, Virginia, mwaka 1965, matamasha haya yamekuwa na shughuli mbili kwa wakati mmoja. Jukwaani wanapiga wenye majina. Kwenye maegesho na katikati ya mahema, waliolipa kiingilio wanapiga wao kwa wao, wamesimama duara, hadi usiku wa manane. Wapo wanaorudi nyumbani Jumapili bila kuliona jukwaa hata mara moja, na hawajutii.

Hapo ndipo nguvu ya muziki huu ilipo. Bill Monroe wa Kentucky na kundi lake la Blue Grass Boys waliukamilisha katikati ya miaka ya 1940, na hadi leo unapata watu wapya, hata Japani na Jamhuri ya Czech, kwa sababu mgeni kabisa anaweza kuingia duarani na kupiga na watu asiowajua. Nyimbo nyingi zina kordi tatu, hakuna karatasi za nota, hakuna spika, na kila mtu hupewa zamu. Shabiki akishasikia hivyo swali lake linabadilika. Haulizi tena asikilize nani, anauliza anunue nini.

Wengi huchagua vibaya kwa sababu wanachagua kwa solo. Wamesikia banjo ikitiririka au fidla ikilia, wakanunua. Piga hesabu kidogo. Ubeti wa kawaida una vipimo 16, kila kimoja hesabu ya moja hadi nne. Besi ikigonga mara 120 kwa dakika, mara mbili kila kipimo, ubeti huo unaisha kwa sekunde 16. Duara likiwa na watu sita na wimbo wa dakika tatu na nusu, solo yako ni hizo sekunde 16, tena zikikufikia. Dakika tatu zilizobaki unasindikiza. Kwa hiyo ulinganisho huu unaanza na kazi ya kusindikiza ya kila chombo. Kama kazi hiyo inakuchosha, chombo hicho si chako, hata solo zake ziwe tamu namna gani.

Kazi zinavyogawanywa

Bluegrass ya asili haina ngoma. Mdundo unatengenezwa na nyuzi zenyewe. Hesabu moja, mbili, tatu, nne: besi inapiga kwenye moja na tatu, mandolini inakata kwenye mbili na nne. Gitaa linafanya yote mawili, nuti ya chini kwenye moja na tatu, mkwaruzo wa kordi kwenye mbili na nne. Banjo inajaza katikati kwa nuti nane kila kipimo. Fidla na dobro, gitaa la kulazwa mapajani, huvuta nuti ndefu nyuma ya mwimbaji, au hunyamaza.

Kordi huitwa kwa namba: moja, nne, tano. Kwenye kii ya G, yaani wimbo ukiwa na G kama sauti ya msingi, ni G, C na D. Aliyeimba kwaya kwa do-re-mi hapati shida, ni do, fa na so. Mwimbaji ndiye anayetaja kii, na wanaume wenye sauti za juu hupenda A, B-flat na B, kwa sababu muziki huu unataka sauti iliyokazwa. Hilo la kii litarudi mbele, kwani vyombo havilingani kabisa katika kuhama.

Gitaa au mandolini

Hivi ndivyo vinavyoshindana kwa mtu anayetaka kuingia duarani haraka.

Gitaa linalotakiwa ni gitaa kavu la nyuzi za chuma, umbo kubwa la drednoti. Mifano ya kupigiwa ni Martin D-18 ya mbao ya mahogani na D-28 ya mbao ya rozwudi. Ya kwanza sauti yake ni kavu na inakata, ya pili ina besi nzito zaidi. Mwanzo huhitaji hata moja kati ya hizo. Unachohitaji ni ubao wa juu uwe wa mbao nzima badala ya plaiwudi, na nyuzi zisiwe nyembamba: seti ya 12 hadi 53 (unene wa uzi mwembamba na mnene, kwa sehemu za elfu za inchi) kwa anayeanza, 13 hadi 56 kwa mkono uliokomaa. Piki, kile kipande cha kupigia nyuzi, iwe nene, milimita 1 hadi 1.5. Piki laini inapinda, na kila pigo linachelewa kidogo. Kwenye kasi ya bluegrass kuchelewa kidogo ni kuharibu wimbo mzima.

Kazi yenyewe ni hii. Kwenye G, gonga uzi wa 6, ule mnene kuliko wote, freti ya 3 (freti ni vile vijiti vya chuma vya shingoni), kwaruza, gonga uzi wa 4 wazi, yaani bila kuubonyeza, kwaruza. Kwenye C, uzi wa 5 freti ya 3, kisha uzi wa 4 freti ya 2. Kwenye D, uzi wa 4 wazi, kisha uzi wa 5 wazi. Mkwaruzo uguse nyuzi tatu za chini kwa umbo, yaani zile nyembamba, na uwe mfupi. Kosa la karibu kila anayetoka kwenye gitaa la kanisani ni kukwaruza nyuzi zote sita juu na chini bila kupumzika. Sauti inajaa, besi inafunikwa, mandolini haisikiki.

Ukishaweza hayo, jifunze ule mstari wa kufungia uliopata umaarufu mikononi mwa Lester Flatt, mpiga gitaa wa Monroe: uzi wa 6 freti ya 3, wa 5 wazi, wa 5 freti ya 1, wa 5 freti ya 2, wa 4 wazi, wa 4 freti ya 2, malizia na wa 3 wazi. Nuti saba tu. Upige mwimbaji anapomaliza mstari, na kila mtu duarani atajua umeelewa uko wapi.

Faida kubwa ya gitaa ni kapo, kibanio kinachobana nyuzi zote shingoni. Mwimbaji akitaka A, weka kapo freti ya 2 upige maumbo ya G. Akitaka B, freti ya 4. Kichwa hakihangaiki. Hasara yake inaonekana zamu ya solo ikifika: gitaa ndilo lenye sauti ndogo kuliko vyote kwa nuti moja moja, na mwenye banjo asiposhusha mkono hutasikika hata na aliye kando yako. Solo za mtindo wa Doc Watson na Tony Rice zinahitaji miaka. Mtu asikudanganye.

Sasa mandolini. Ina nyuzi nane katika jozi nne, G, D, A, E, na urefu wa uzi kutoka kichwani hadi kwenye daraja, kile kibao kinachobeba nyuzi, ni kama sentimita 35, karibu nusu ya gitaa. Kazi yake ya kusindikiza ni mkato: kordi iliyofungwa, inapigwa mara moja kwenye mbili na nne, na inazimwa papo hapo. Umbo la G, ukihesabu kutoka nyuzi nene, ni freti 7, 5, 2, 3. Hakuna uzi ulio wazi hata mmoja, na hiyo ndiyo siri, kwa sababu uzi ulio wazi hauzimiki kwa kulegeza kidole. Ukishapiga, legeza vidole bila kuviinua. Viendelee kugusa nyuzi. Ukiviinua unapata mlio wa ziada, ukichelewa kulegeza kordi inaendelea kulia na mkato unakufa.

Umbo hilo linauma. Kutoka freti ya 2 hadi ya 7 kidole kidogo kinavutwa sana, na anayeanza huishia kukunja kiganja na kupata maumivu ya kifundo. Acha jozi ya kwanza, piga 5, 2, 3 kwenye jozi tatu nyembamba. Duarani inatosha kabisa. Kwa C, peleka umbo hilohilo upande wa nyuzi nene: 5, 2, 3 kwenye G, D na A. Kwa D, sogeza umbo la C freti mbili juu. Na hapa ndipo mandolini inapolishinda gitaa: umbo lililofungwa linahama popote. Kii ya B-flat, ambayo humfanya mpiga gitaa atafute kapo mfukoni, kwako ni kusogeza mkono freti tatu kutoka G.

Solo zake nazo zinasikika vizuri kuliko za gitaa, maana sauti yake iko juu na inakata hewa. Lakini nyuzi ni jozi zilizokazwa kweli, ncha za vidole zitachubuka wiki za kwanza, na kutyuni ni adhabu. Nyuzi mbili za jozi moja zikipishana hata kidogo, masikio yote yanageuka. Nunua tyuna ya kubana kichwani, na kila mara pandisha uzi kutoka chini kwenda kwenye sauti yake. Ukiushusha kutoka juu, msumari wa kukazia uzi unabaki na ulegevu na uzi utashuka wenyewe katikati ya wimbo.

Kuna swali la umbo, A au F. F ndiyo ile yenye mkunjo kama konokono begani, aliyopiga Bill Monroe. Yake ilikuwa Gibson F-5 ya mwaka 1923 iliyosainiwa na Lloyd Loar, mtaalamu wa Gibson. A ni ya mviringo wa tone la maji. Mkunjo hauongezi sauti ya kueleweka, unaongeza saa za fundi, na bei inaweza kupanda mara mbili. Fedha ikiwa na mpaka, nunua A nzuri uache F mbaya. Kinachobadilisha sauti ni ubao wa juu uliochongwa kutoka mbao nzima, pamoja na matundu ya umbo la f. Tundu la duara linatoa sauti nene inayodumu, tamu kwa nyimbo nyingine, lakini mkato wake hauumi.

Kwa kifupi cha hawa wawili: gitaa kwa anayeimba, mandolini kwa mwenye mdundo mwilini asiyejali kuimba. Anayeimba akiwa ameshika mandolini hugundua kuwa kukata kwenye mbili na nne huku mdomo unaanza maneno kwenye moja si jambo la wiki moja.

Banjo: tamu, ngumu, na rahisi kununua isiyofaa

Banjo ya bluegrass ina nyuzi tano. Tatizo la kwanza linatokea dukani, kwa sababu zipo banjo za nyuzi nne na za nyuzi sita na zote zinafanana ukiziona kwenye picha. Ya nne ilikuwa ya jazi ya zamani na sasa ya muziki wa Ireland. Ya sita ni gitaa lililovaa ngozi ya banjo. Zote mbili hazitakupa mtiririko wa nuti wa mpiga banjo Earl Scruggs, kwa sababu mtiririko huo unategemea uzi wa tano, mfupi, unaoanzia freti ya 5 na wenye msumari wake ubavuni mwa shingo. Kabla ya kulipa, tafuta huo msumari wa ubavuni. Haupo, ondoka.

Tatizo la pili ni mgongo. Banjo yenye bakuli la mbao nyuma inatupa sauti mbele. Isiyo na bakuli ni nyepesi na ya sauti laini, na inawafaa wanaopiga mtindo wa kale wa kugonga kwa kucha. Unaweza kujifunzia mkono wa kulia juu ya isiyo na bakuli, ila duarani utamezwa. Yenye bakuli na pete nzito ya chuma chini ya ngozi hufika kilo 5 hata zaidi, na saa tatu za kusimama nayo begani ni saa tatu kweli. Mkanda mpana si anasa.

Nyuzi zinatyuniwa G, D, G, B, D, na ule mfupi ndio G ya juu. Mkono wa kulia una kucha tatu za kuvaa, ya plastiki gumbani, za chuma kwenye kidole cha shahada na cha kati. Mtiririko wa kuanzia ni huu: gumba uzi wa 3, shahada uzi wa 2, gumba uzi wa 5, kati uzi wa 1, gumba uzi wa 4, shahada uzi wa 2, gumba uzi wa 5, kati uzi wa 1. Nuti nane, zilingane kama zimepimwa kwa rula. Kanuni ni moja: kidole kimoja hakipigi mara mbili mfululizo. Ukiivunja kanuni hiyo kwa kasi ndogo hutaona ubaya, ukifika kasi ya kweli mkono unakwama.

Baadaye inakuja ile mitiririko ya kwenda mbele, ambapo vidole vitatu vinazunguka kwa makundi ya tatu, tatu, mbili ndani ya nuti nane. Mgawanyo huo wa kutolingana ndio unaofanya wimbo uonekane unakimbia hata kasi ikiwa ya kawaida. Earl Scruggs alipojiunga na Monroe mwishoni mwa 1945, mtindo huo ndio uliowafanya watu wa Nashville wasimame.

Mtu aliyekulia kwenye gitaa kavu la Katanga, la kina Mwenda Jean Bosco, lenye gumba na shahada zinazojitegemea, atashangaa jinsi banjo inavyomkubali haraka. Aliyezoea piki tu ataanza na sifuri. Chombo chenyewe kina asili ya Afrika Magharibi, kililetwa Marekani katika kumbukumbu za watu waliofanywa watumwa, na Béla Fleck, mpiga banjo wa Marekani, alipokuja Afrika na banjo yake alipitia pia Uganda na Tanzania, akapiga na Anania Ngoliga, fundi wa ilimba, chombo cha kupigwa kwa vidole gumba.

Sasa kusindikiza, ambako wapiga banjo wengi hupatia jina baya. Mtiririko wa nuti nane kwa sauti kamili nyuma ya mwimbaji unamfunika. Mwimbaji akianza, shusha mkono wa kulia, usogeze mbali na daraja karibu na shingo ambako sauti ni laini, au acha mtiririko kabisa ukate kordi kwenye mbili na nne. Umbo la G la kukatia: uzi wa 4 freti ya 5, wa 3 freti ya 4, wa 2 freti ya 3, wa 1 freti ya 5. Kama mandolini yupo na anakata, wewe rudi kwenye mtiririko mwepesi. Wakataji wawili wanaopishana hata kwa unywele wanasikika kama mlango unaobamizwa. Na banjo mbili duarani ni sheria isiyoandikwa: mmoja akipiga, mwingine apumzike.

Kapo kwenye banjo ni kazi mbili. Uzi wa tano haufikiwi na kapo ya kawaida, kwa hiyo unapopanda freti 2 kwenda A, uzi mfupi nao lazima upande. Mafundi hupigilia vimisumari vidogo kwenye freti ya 7 na ya 9, unauchomeka uzi chini yake. Banjo isiyo navyo itakuacha ukikaza uzi wa tano kwa msumari hadi siku utakapokatika.

Matunzo yake ni ya kipekee. Daraja la banjo halijagundishwa, linashikiliwa na nyuzi tu. Ukitoa nyuzi zote kwa pamoja linaanguka, na huna tena alama lilipokuwa. Badilisha uzi mmoja mmoja. Likisogea, lipime: gusa uzi juu kabisa ya freti ya 12 bila kubonyeza upate ule mlio wa filimbi, kisha bonyeza freti hiyohiyo upige. Nuti iliyobonyezwa ikiwa juu kuliko ya filimbi, sogeza daraja mbali na shingo kwa milimita. Ikiwa chini, lilete karibu. Daraja la kawaida lina kimo cha milimita 16 hivi. Ngozi ya plastiki ikilegea sauti inakuwa kama ya debe. Kaza kulabu zinazoivuta kidogo kidogo kwa kuzunguka, kila moja robo mzunguko, usikaze moja hadi mwisho, utapasua ngozi.

Fidla kwa aliyekuwa anaitaka mandolini

Fidla na mandolini zinatyuniwa sawasawa, G, D, A, E, na vidole vya kushoto vinakaa katika mpangilio uleule. Kwa sababu hiyo ushauri wa zamani bado ni mzuri: anayeitaka fidla lakini hana mwalimu aanze na mandolini. Atajifunza nyimbo zote, freti zitamwonyesha mahali pa nuti, kisha atahamia fidla akiwa na matatizo mawili tu, mkono wa upinde na kupiga bila freti.

Fidla ni ileile ya taarab na ya orkesta, hakuna chombo maalumu. Aliyelelewa kwenye taarab tayari ana sikio la kupiga bila freti na la kupamba nuti, ila itabidi azoee kupiga nyuzi mbili kwa pamoja na mapigo mafupi ya upinde yenye mkazo. Asiyewahi kushika upinde ajue kabisa kuwa miezi ya kwanza familia itateseka. Duarani fidla isiyo kwenye sauti yake haina pa kujificha. Gitaa baya linapotea katikati ya watu, fidla mbaya inasikika mahemani.

Kusindikiza kwake kunataka adabu kuliko ustadi: nuti ndefu za chini wakati wa kuimba, vijibu vifupi mwimbaji anapovuta pumzi, kimya fidla ya pili ikiwepo. Ndani ya mwili wake kuna kijiti kinachosimama chini ya daraja bila gundi, na ukitoa nyuzi zote kinaanguka. Hapo utahitaji fundi mwenye chombo cha kukisimamisha.

Besi na dobro

Besi la kusimama ndilo chombo rahisi kuliko vyote kuwa wa manufaa duarani. Kwenye G unapiga G na D, kwenye C unapiga C na G, kwenye D unapiga D na A, kwenye moja na tatu, basi. Ukiweza hivyo bila kukimbiza wala kuchelewesha, watu watakufuata hadi kwenye hema lako. Nyuzi zake ni E, A, D, G, sawa na gitaa la besi la bendi za dansi, kwa hiyo mpiga besi wa dansi tayari anajua yuko wapi. Atakachopunguza ni maneno mengi ya vidole. Vuta uzi kwa ubavu wa kidole cha shahada, si kwa ncha, la sivyo malengelenge yatakuja saa ya kwanza. Ugumu wake ni ukubwa: ukubwa unaoitwa robo tatu unazidi mita 1.8, na hauingii kila gari. Usafiri ndio gharama yake ya kweli.

Dobro inalazwa mapajani, nyuzi zimeinuliwa juu ya ubao kiasi cha kutobonyezeka, na unateleza juu yake kwa kipande cha chuma. Ndani kuna bakuli la alumini linalotetema. Josh Graves ndiye aliyeipa nafasi kwenye bluegrass alipojiunga na kundi la Flatt na Scruggs mwaka 1955, na kucha tatu za banjo zinatumika. Inatyuniwa G, B, D, G, B, D, kwa hiyo chuma kikinyooka freti ya 5 ni C, freti ya 7 ni D. Chuma kikae juu kabisa ya freti, si nyuma yake kama kidole cha gitaa. Karibu kila anayeanza anakosea hapo na kusikika chini ya sauti. Kordi za huzuni hazikai kirahisi kwenye mpangilio huu. Tunaipenda sana, ila kama chombo cha kwanza hatuipendekezi: haina mdundo wake mwenyewe, na duara lisilo na mdundo haliwezi kukusaidia ujifunze.

Fedha, hewa na cha kuangalia mkononi

Kwa soko la Marekani, makadirio ya chombo cha kuanzia kisichokuudhi ni dola 250 hadi 450 kwa gitaa, 300 hadi 600 kwa mandolini ya umbo A na kwa fidla pamoja na upinde, 400 hadi 800 kwa banjo yenye bakuli na kwa dobro. Besi la kusimama hata la plaiwudi ni vigumu kulipata chini ya 1,200. Kwa Nairobi au Dar es Salaam gitaa ndilo linalopatikana mkononi. Banjo ya nyuzi tano na dobro kwa kawaida ni za kuagiza, na hapo weka ushuru na usafirishaji kwenye hesabu, pamoja na seti tatu za nyuzi, kwa sababu duka la mtaani halitakuwa nazo.

Hewa ina sauti yake katika uamuzi huu. Mbao za gitaa, mandolini na fidla zinapenda unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Pwani, Mombasa au Zanzibar, hewa ni nzito: ubao unavimba, nyuzi zinapanda juu ya freti, chuma kinaota kutu. Futa nyuzi kila ukimaliza, weka vifuko vya kukausha kwenye kasha. Anayeishi Minneapolis au Toronto ana tatizo la kinyume, kwani majira ya baridi joto la ndani linakausha ubao hadi unapasuka. Yeye anahitaji kifaa cha kuongeza unyevu ndani ya kasha. Banjo ya ngozi ya plastiki ndiyo inayovumilia pande zote mbili kuliko wenzake. Zamani, enzi za ngozi ya ndama, siku ya mvua ilikuwa inailegeza hadi haipigiki.

Mwenye gitaa la nyuzi za nailoni nyumbani asijaribu kulivika nyuzi za chuma ili kuokoa fedha. Seti ya nailoni inavuta kama kilo 40 kwa jumla, ya chuma nyepesi inazidi kilo 70. Daraja litang'oka au ubao utapinda. Liuze, ongeza kidogo.

Ukiwa na chombo cha mtumba mkononi, kipige freti zote kila uzi, kimoja kimoja, ukisikiliza nuti inayokufa au inayovuma. Tazama shingo kutoka kichwani ukifumba jicho moja. Mpindo mdogo wa mbele ni sawa, msokoto si sawa na hautengenezeki kwa bei nafuu. Kwenye gitaa, pitisha kipande cha karatasi ukingoni mwa daraja. Kikiingia chini, gundi imeachia. Kwenye mandolini, kagua kama ubao umezama chini ya daraja. Kwenye banjo, gonga bakuli na usikilize kitu kinachochezacheza, kisha kaza kulabu moja uone kama nati inashika au meno yake yamelika. Muuzaji akikuharakisha wakati unafanya hayo, mrudishie.